Serikali iokoe benki, bei iwaachie wauzaji

Juni 16, 1933, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alitia saini sheria mbili. Moja ilianzisha bima ya amana za benki, nayo ipo hadi leo. Ya pili, NIRA, sheria ya kufufua viwanda, iliziruhusu sekta zijitungie kanuni za mishahara, saa za kazi na ushindani, bei zikiwemo. Haikufikisha hata miaka 2.

Tuanze na benki. Fedha uliyoweka haikai kabatini. Imeshakopeshwa kwa mkulima na mwenye duka. Wateja wakiidai wote kwa pamoja, hata benki yenye afya inaanguka, na mwenye duka anabanwa alipe kabla ya wakati. Hilo hakuna mfanyabiashara awezaye kulizuia peke yake. Ndiyo maana Roosevelt alikuwa sahihi kufunga benki zote Machi 6 mwaka huohuo. Vitabu vilikaguliwa, na kuanzia Machi 13 zilizo salama zikafunguliwa kwa awamu. Zilizopungukiwa mtaji, shirika la serikali liitwalo RFC lilinunua hisa zao za upendeleo, zile zinazolipwa gawio kabla ya hisa za kawaida. Hapo ndipo penye ufundi: mkopo ungekuwa deni juu ya deni, ila hisa ni mtaji. Kisha kuanzia Januari 1, 1934, bima ikalinda amana hadi dola 2,500 kwa kila mwekaji. Mwenye akiba ndogo hakuwa tena na sababu ya kukimbilia dirishani.

NIRA ilizaa kanuni zaidi ya 500, na kalamu ilishikwa zaidi na vyama vya wenye viwanda, yaani wakubwa. Ukipandisha bei wakati mifuko ya watu ni mitupu, mauzo yanashuka, na duka dogo linanyang'anywa silaha yake pekee, unafuu. Mwaka 1934 huko Jersey City, fundi nguo mmoja alifungwa jela kwa kupiga suti pasi kwa senti 35 badala ya 40. Kwenye machinjio ya kuku New York, mnunuzi alikatazwa kuchagua: tia mkono tunduni, chukua utakayemshika kwanza. Mtu analipa fedha yake, halafu haruhusiwi hata kumpapasa kuku kifua! Kesi ya akina Schechter, wauza kuku wa Brooklyn, ilifika Mahakama ya Juu, na Mei 27, 1935 majaji wote 9 wakazibatilisha kanuni hizo.

Kuna jema lililostahili kubaki. Kanuni ya viwanda vya pamba iliwaondoa kazini watoto wa chini ya miaka 16, na ulinzi huo ulirudi kwa sheria ya 1938.

Kenya ilipopandisha kinga ya amana kutoka shilingi 100,000 hadi 500,000 mwaka 2020, korona ikiwa imeshabana biashara, ilishika pale panapostahili. Mwenye kibanda aliyeweka 300,000 za kununulia mzigo alikuwa wazi kwa 200,000. Sasa amefunikwa zote.