Ile Sauti Ilikuwa Honi

Naona rafiki yangu Side ameshaisambaza video yangu ya kutengeneza siti ya gari magrupu yote, mpaka lile la harusi ya mwaka jana. Ngoja niseme mwenyewe. Kwanza, sikulia. Ile sauti ni honi.

Mnaijua Crown yangu ya 1999, siti ya dereva ni ya umeme. Jumatano niko Kariakoo namsubiri Mama Nasra, nikairudisha nyuma kabisa nisinzie. Ikagoma kurudi. Mimi nikawa naendesha nimejilaza kama niko kinyozi, ila Mama Nasra hafikii pedeli. Fundi umeme akataka elfu 30 ya kuangalia tu. Nikamcheka. Mota ina waya mbili: ukizigeuza, inageuza safari. Cha kuangalia kipi?

Jumapili saa 4 asubuhi, uani. Side kashika simu, eti ananimulikia. Mchana kweupe. Nikamwonya kisomi: "Soketi ya njano chini ya siti usiiguse, ya airbag hiyo, italipuka." Hilo onyo likumbukeni.

Nikavuta umeme moja kwa moja kwenye betri, nikapitisha waya chini ya siti, nikakaa, nikainama, nikazisokota. Siti ikanguruma. Ikaanza kwenda mbele. Wanangu, ilienda! Nikampungia mkono Mama Nasra, alikuwa anaanika nguo.

Sasa, siti ya umeme haina haraka. Ndiyo ubaya wake. Unaiona inakuja. Magoti yakagusa dashibodi; nikajua itaishia hapo. Usukani ukagusa kifungo cha shati. Ukagusa kitambi. Nikavuta tumbo ndani, siti ikaichukua ile nafasi, ikasogea tena. Nikataka kuinama nichomoe waya. Ziko katikati ya miguu, na mimi sipindi tena popote. Ndipo kitambi kikaifikia honi.

Piiiiiiii.

Mama mwenye nyumba akatoka na mwiko. "Baba Nasra, unamwita nani?" Nimjibu kwa pumzi ipi?

"Side! Waya!"

"Si umesema huko chini kunalipuka?"

Na anarekodi.

(Mnaouliza kwa nini sikufungua mlango: mlango ulikuwa wazi tangu mwanzo. Watoto wa jirani walikuwa wameushikilia wapate kuona vizuri.)

Ghafla mota ikanyamaza. Nimebanwa, honi inalia, lakini angalau hatusogei. Nikaanza kushukuru. Kumbe mota hizi zikipata moto hujikata zenyewe, zikishapoa zinarudi kazini. Shukrani haijafika mwisho, nikasikia mmmmm. Awamu ya pili. Hapo nilitamka maneno ambayo Side, kwa heshima ya urafiki, ameyawekea maandishi chini ya video.

Kijana wa bodaboda akapaki, akaingiza mkono, akachomoa waya, akaondoka. Sekunde tatu. Jina lake sikuuliza.

Fundi kaja jioni, kalipwa elfu 30 yake, na 15 nyingine ya waya nilizozikwangua. Ugonjwa? Fyuzi imekatika. Dukani inauzwa jero.

Siti sasa inakwenda vizuri, Mama Nasra kaiweka anapotaka yeye na funguo anazo. Mama mwenye nyumba naye tangu jana hapigi hodi. Akinihitaji anasimama mlangoni, anasema, "Piiii."