Kibao cha 50 na hoja ya "ajali haina kinga"

Basi likipinduka, taarifa ya kwanza husema mwendo kasi. Madereva wa siku nyingi huguna. Wao wanalijua tairi lililopasuka, dereva aliyeshika usukani tangu alfajiri bila kupokewa, na lori bovu lililoachwa usiku katikati ya lami likiwa na matawi mawili ya mti kama alama. Kuwaambia kwamba vifo vya barabarani vitakwisha kwa kudhibiti mwendo ni kama kumtwisha dereva mzigo wa kila mtu. Na ajali, watakukumbusha, haina kinga.

Wana haki kuliko wanavyopewa. Ila hoja wanayoipinga imewafikia ikiwa imevaa sura ya tochi ya trafiki ya kupimia mwendo nyuma ya mwembe, na kwa sura hiyo nani angeipenda? Watetezi wake makini wanakubali kwamba binadamu atakosea leo, kesho na keshokutwa. Wanachouliza ni kosa hilo liishie wapi: kwa fundi wa bodi au makaburini.

Chukua mtoto anayechomoka mita 14 mbele ya gari dogo. Dereva aliye macho huhitaji kama sekunde moja kuona na kukanyaga breki. Akiwa kwenye kilomita 30 kwa saa, sekunde hiyo humla mita 8.3, kisha kwenye lami kavu na breki nzima gari husimama ndani ya mita 5 nyingine. Jumla mita 13 na kidogo. Mtoto amenusurika kwa hatua moja. Akiwa kwenye 50, sekunde ileile humla mita 13.9. Mguu ndio kwanza unatua kwenye pedali, na gari limeshamfikia mtoto likiwa na kilomita zake 50 kamili. Madereva wawili, wote wazima, hakuna aliyekunywa, breki zilezile: mmoja amesimama, mwingine hajapunguza hata kilomita moja. Kwenye 80 gari hilo huhitaji mita 57 hivi. Basi lililojaa huhitaji zaidi.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hurudia kwamba mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa asilimia 4. Na gharama ya kutii kibao cha 50 kijijini ni ipi? Kijiji chenye urefu wa kilomita 2 ukikipita kwa 50 badala ya 80, unapoteza sekunde 54. Vijiji 30 kati ya Dar es Salaam na Mbeya ni dakika 27, kwenye safari inayokula mchana kutwa.

Je, vifo sifuri vimewahi kufikiwa? Kwa mji, ndiyo. Oslo, Norway, ilikaribia mwaka 2019: kifo kimoja tu cha barabarani, dereva aliyegonga uzio. Hakuna mwenda kwa miguu wala mwendesha baiskeli aliyekufa. Helsinki, Finland, ilimaliza miezi 12 hadi Julai 2025 bila kifo hata kimoja, na zaidi ya nusu ya mitaa yake kikomo ni 30. Mpinzani atajibu kwamba Helsinki haina bodaboda yenye abiria watatu, na gari la wagonjwa hufika haraka. Kweli. Lakini huko nako vibao havikuachwa vifanye kazi peke yake: mitaa ilibanwa, vivuko vikatengenezwa upya, kamera zikafungwa.

Kwetu Afrika Mashariki tulianza na gavana, kifaa cha kuzuia gari lisizidi mwendo uliowekwa. Kanuni za waziri John Michuki nchini Kenya, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilitaka kila matatu iwe na gavana ya kilomita 80, mikanda na idadi maalumu ya abiria. Nidhamu ilirudi, kisha ikalegea. Gavana husoma mwendo kupitia kihisi. Waya ukichomolewa, au kipimo kikichezewa, kifaa huona gari linatambaa huku linapaa. Na hata gavana nzima haijui kwamba sasa uko mbele ya shule. Inajua 80 tu.

Tuta linajua. Lakini tuta lina vipimo vyake: kimo sentimita 10, upana wa karibu mita 3.7 kufuata mwelekeo wa gari, ukitaka watu wapite kwa 30. Lile fupi na kali ambalo wanakijiji hulijenga baada ya msiba huvunja springi za mwenye haraka na mwenye subira sawasawa. Lisipopakwa rangi wala kuwekewa kibao kabla, usiku huwa chanzo cha ajali nyingine. Tuta moja pekee nalo ni bure, kwa kuwa dereva hukanyaga mafuta mara tu tairi za nyuma zinaposhuka. Mpango wa SARSAI wa shirika la usalama barabarani la Amend, uliofanya kazi kwenye shule za Dar es Salaam, ulichanganya matuta, njia za miguu, nguzo za kuzuia magari, na pengine kuhamisha geti la shule lisitazame barabara kubwa.

Hoja ya "breki zilifeli" nayo inastahili kufunguliwa. Lori la tani 40 likishuka mteremko wa mita 6 kwa kila mita 100, kwa mwendo wa 20, breki na injini hubeba kama kilowati 130. Kwa mwendo wa 60 hubeba karibu 390. Drami, ule mduara wa chuma unaozunguka na gurudumu, hupata moto, hutanuka, na kuziacha nyuma brekishu zinazousugua kwa ndani. Unakanyaga mpaka mwisho na lori haliitikii. Mara nyingi breki hizo zilifelishwa kule juu, dereva alipoweka nyutro kuokoa dizeli badala ya kushuka kwa gia nzito.

Ninapokubaliana na wapinzani ni kwenye kugongana uso kwa uso. Wasweden, walioipitisha dira ya vifo sifuri bungeni mwaka 1997, husema penye uwezekano wa magari kukutana hivyo kikomo kisizidi 70. Basi letu linaruhusiwa 80, na linalokuja mbele nalo 80. Hapo tochi inaweza kufanya kazi usiku na mchana, kila mtu akatii, na bado watu wakafa kisheria kabisa. Sweden ilifunga waya wa chuma katikati ya barabara zenye upana wa mita 13, kutenganisha magari yanayokutana. Nyingi za kwetu ni mita 7 za lami na mabega ya mita 1.5 kila upande. Waya ukikaa hapo, lori likiharibika hakuna wa kupita.