Shujaa Asiye na Kitovu

Hadithi yangu ndefu ya kwanza niliiandika nikiwa na umri wa miaka 23, katika chumba cha juu cha nyumba yetu ya Kibokoni, na shujaa wake alikuwa kijana wa Mji wa Kale aliyefanana nami kwa kila kitu isipokuwa kasoro zangu. Alikuwa mrefu kunishinda, alizungumza lugha tano, hakupitwa na sala ya jamaa, alifunga mabao katika kila mechi, na wasichana wa mtaa mzima walimtamani ilhali yeye hana habari nao. Mahasimu wake walikuwa wajinga au wenye husuda. Hapakuwa na aina ya tatu. Shangazi yangu, ambaye ndiye aliyekuwa msomaji wangu wa kwanza, alinirudishia daftari baada ya siku mbili na kuniuliza, huku akigeuza mahamri katika karai: "Mwanangu, huyu mtu wako hata tumbo halimuumi?"

Nilikasirika, na miaka kadhaa ilipita kabla sijakubali kwamba hakuna mhakiki aliyewahi kunisaidia kuliko yeye.

Maradhi hayo si yangu peke yangu. Mwaka 1973, huko Marekani, Paula Smith aliandika kisa kifupi cha dhihaka kuhusu luteni wa kike mwenye umri wa miaka kumi na mitano na nusu, Mary Sue, aliyekuwa hodari kuliko mabaharia wote wa chombo cha angani na aliyependwa na kila aliyemwona. Smith aliwalenga mashabiki wa Star Trek, tamthilia ya televisheni ya safari za angani, waliokuwa wakitunga hadithi zao wenyewe na kujipenyeza ndani yake wakiwa wamekamilika kila upande, na jina la luteni huyo likabaki kuwa jina la aina nzima ya wahusika. Mimi sikuwa nimewahi kumsikia, lakini nilikuwa nimekwisha kumwandika, tena nimemvisha kanzu na kofia.

Dawa inayotolewa mara nyingi ni kumtia mhusika dosari, nasi tuliofundishwa shuleni kutofautisha mhusika bapa, mwenye sura moja tu, na mhusika duara, mwenye pande nyingi, huidhani kuwa inatosha. Naona haitoshi. Mwandishi akiambiwa atafute dosari, huchagua ile isiyomchafua: shujaa wake ana hasira, lakini hukasirikia wadhalimu tu, ana udhaifu, nao ni kuwaamini watu kupita kiasi. Hayo ni mapambo. Kosa la kweli ni lile linalomwachia mtu mwingine hasara, mtu ambaye msomaji anamjua na kumhurumia, na ambalo shujaa angependa lisisimuliwe.

Kwetu Mombasa nadhani tatizo hilo lina mzizi wake hasa, nao ni stara. Tumelelewa kusitiriana, aibu ya nyumba haitolewi barazani, na anayejifunua mwenyewe huonekana amekosa adabu kama anayemfunua jirani. Hayo ni malezi mema, wala sitaki yapotee. Lakini mwandishi chipukizi anajua kwamba hadithi yake ikisomwa, watu wa mtaa watauliza yule ni nani, na jibu la kwanza litakuwa kwamba ni yeye. Kwa hiyo anamsitiri mhusika kama anavyojisitiri mwenyewe, na anapomaliza hakuna mtu aliyebaki ndani ya nguo zile. Kwa maoni yangu, hofu hiyo ya macho ya majirani huzaa mashujaa wakamilifu wengi zaidi kuliko majivuno.

Wala asije mtu akasema kwamba fasihi yetu imezoea mashujaa wa namna hiyo. Shaaban Robert aliwapa watu wake majina kama Karama na Utubora, lakini jina lenyewe linamwambia msomaji mapema kwamba tabia moja imepewa mwili ili ipimwe, na hiyo ni sanaa nyingine. Fumo Liyongo naye, ambaye Muhamadi Kijumwa alimwandikia utenzi mwaka 1913, ni jabali asiyeshindwa kwa silaha, lakini masimulizi yamempa kitovu, mahali pamoja ambapo sindano ya shaba ingemuua, na yamempa mwana aliyeahidiwa kuozwa binti wa mfalme ili aichimbe siri hiyo. Kinachonishika kila nikirudi kwenye kisa hicho si nguvu zake. Ni kwamba mwanawe alipomuuliza, Liyongo alishuku sababu ya swali lile, kisha akalijibu kwa ukweli. Je, ni mapenzi ya mzazi, ni kiburi, au ni kuchoka kuwindwa? Watu wanaweza kukesha wakibishana, na shujaa wangu wa lugha tano hakuwahi kumkeshesha mtu yeyote.

Nilipoiandika upya hadithi yangu, nilianza na tukio la feri ya Likoni. Hapo awali kijana aliokota kibeti chenye shilingi 6,000, akamkimbilia mwenyewe katikati ya umati na kukataa hata shukrani. Sasa anakaa nacho siku nne, analipa shilingi 1,500 za kodi aliyokuwa akidaiwa, kisha anampelekea mwenye kibeti, mama mmoja muuza samaki, pesa zilizobaki na kumwambia kwamba amezikuta hivyo hivyo. Mama yule hamshuku. Anamshika mkono, anamwombea dua ndefu, na kijana inambidi asimame pale aiitikie mpaka mwisho. Dua ile ilinichukua usiku mzima kuiandika.

Shangazi alisoma toleo hilo kwa jioni moja. Alilifunga daftari, akatazama mlangoni kuhakikisha hakuna anayetusikia, kisha akainamisha sauti. "Na zile elfu moja na mia tano," akaniuliza, "ulizirudisha?"