Orodha Ibaki Nchi Kavu

Jumapili iliyopita nilifungiwa geti la boti nikiwa nimebakisha watu wawili tu kufika mlangoni. Ilikuwa Manly, hapa Sydney, jua kali, foleni imejaa watoto wenye mchanga miguuni. Kijana wa boti alikuwa na kidude mkononi, akikibonyeza kila abiria anapopita. Ghafla akanyoosha mkono: basi, hesabu imetimia. Kwa macho yangu nafasi bado ilikuwepo, na mzee mmoja nyuma yangu alifoka kwamba amealikwa chakula cha mchana na sasa atachelewa. Kijana hakubishana naye. Alivuta mnyororo, kamba zikafunguliwa, boti ikaondoka.

Wenzangu wote walinuna. Mimi nilifurahi, na nisingeweza kumweleza yeyote pale kwa nini. Nyinyi mnaosoma, khasa wa Pemba na wa Ukara, mliofiwa vyombo vilipozama vimejaa kupita kiasi, hamna haja ya kuelezwa.

Najua tayari kuna anayesema: huyo, keshaanza, kaonja Uzungu. Subiri kwanza. Nitakachosema si kwamba watu wa huku wana akili kutushinda. Sisi watu wa bahari. Babu zetu walikwenda na kusi wakarudi na kaskazi bila ya kumuuliza Mzungu njia, na usiku ule wa Nungwi, ilipozama meli ya Spice Islander, waliotoka mwanzo kwenda kuokoa watu ni wavuvi wenye ngarawa na mashua zao, si serikali. Ubaharia hatujapungukiwa. Tulichopungukiwa ni karatasi: orodha ya waliomo chomboni.

Boti ya Manly hupita mbele ya mdomo wa bandari, baina ya majabali mawili wanayoyaita Heads. Juu ya jabali la kusini pana mnara mfupi wa taa, mistari myekundu na myeupe, jina lake Hornby. Watalii huupiga picha kwa uzuri wake. Mnara ule umejengwa kwa sababu ya maiti.

Tarehe 20 Agosti 1857, usiku wa mvua na upepo, meli ya matanga Dunbar ilikuwa inamaliza safari ya siku 81 kutoka Uingereza. Taa ya Macquarie ilikuwepo tangu 1818, lakini imesimama kusini ya mdomo wa bandari. Ilimwambia nahodha kwamba amefika Sydney, haikumwonesha mlango uko wapi. Dunbar ikajibamiza kwenye majabali karibu na genge liitwalo The Gap, kusini ya mlango, ikavunjikavunjika. Ndani mlikuwa na abiria 63 na mabaharia 59. Akapona mmoja tu, baharia James Johnson, aliyetupwa na mawimbi kwenye ukingo wa jabali akakaa hapo zaidi ya siku nzima mpaka watu walio juu wakamwona. Siku ya maziko, watu kama 20,000 walijipanga barabarani. Miezi miwili baadaye, pale pale mdomoni, ikavunjika meli nyengine, Catherine Adamson, wakafa watu kama ishirini.

Koloni la New South Wales, lenye mji huu wa Sydney, lilikuwa limepata serikali yake ya kujiendesha mwaka mmoja tu kabla. Serikali changa hiyo ikafanya uchunguzi, ushahidi wa Johnson ukachapwa gazetini kila mtu ausome, na 1858 taa ya Hornby ikawaka kwenye ncha yenyewe ya jabali, kuonesha mlango.

Lakini taa si jambo linalonikaa rohoni. Minara hata sisi tunayo. Linalonikaa rohoni ni zile namba: 63 na 59. Miaka zaidi ya 160 imepita, meli ilisagika, maiti wengi hawakutambulika kwa sura, na bado tunajua walikuwa 122.

Sasa niambie, Spice Islander ya 2011, iliyokuwa ikienda Pemba, walikuwemo wangapi?

Unaona. Tuliambiwa idadi moja, tume ikaja na nyengine kubwa zaidi, na mtaani kila mtu ana yake. Walio na hesabu ya uhakika ni jamaa, kila nyumba na wake. Hata mwaka haujatimia, ikazama Skagit, ikitoka Dar kuja Unguja. MV Bukoba nako, iliyozama Ziwa Viktoria, tangu 1996 mpaka leo, watu hawajakubaliana. Na MV Nyerere, 2018, kivuko cha Ukara cha watu 101 kikatoa maiti 228. Mkata tiketi alizama, na mashine yake ya tiketi ikazama naye. Hebu litafakari hilo. Kumbukumbu ya pekee ya waliomo chomboni ilikuwa ndani ya chombo hicho hicho.

Waingereza walilijua kosa hilo mapema. Sheria yao ya abiria ya 1855 ilimtaka nahodha wa meli ya wahamiaji aandike orodha mbili za majina kabla ya kung'oa nanga. Moja akabidhiwe ofisa wa forodha ibaki bandarini, nyengine aende nayo. Wino, karatasi mbili na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema hapana. Hakukuwa na kompyuta wala kamera. Na sheria hizo hazikutungwa kwa huruma tu; mwaka 1847 maelfu ya watu wa Ireland walikufa kwenye safari za kwenda Kanada na kwenye karantini za huko, na aibu hiyo ikaisukuma serikali kukaza masharti.

"Unawasifu wakoloni." Nimelitarajia hilo, na linaniudhi. Naijua vizuri nchi ninayoishi. Jabali la South Head walinyang'anywa wenyewe, watu wa asili waliovua hapo kabla ya Dunbar yoyote. Mnara wa kwanza wa Macquarie ulichorwa na mfungwa, Francis Greenway, na gati la mawe la kwenda kisiwa cha Nobbys, kule Newcastle, bandari iliyo kaskazini ya Sydney, lilianzwa na wafungwa 1818. Kumbukumbu zile zile zilizowaandika abiria mmoja mmoja hazikuwahesabu wenye nchi. Haya nayasema hapa Australia, mbele ya Waustralia, na hawayapendi. Kwa hivyo usiniambie nimelewa.

Wala utawala wao haukuwa wa malaika. Tarehe 12 Julai 1866, stima Cawarra iliingia Newcastle kukimbia dhoruba, ikanasa kwenye fungu la Oyster Bank mbele ya macho ya mji mzima. Boti ya uokozi ikachelewa. Wakafa watu kama 60, na hesabu yao vitabu vinapishana kidogo hata leo. Alipona mmoja, Frederick Hedges, na miongoni mwa waliokwenda kumtoa majini alikuwa James Johnson, yule yule wa Dunbar, ambaye wakati huo alikuwa na kazi bandarini hapo. Jambo hili nalipenda sana. Mtu aliyeyajua mawimbi kwa mwili wake hawakumwacha arudi nyumbani na hadithi yake. Alikuwepo pale alipohitajika. Mwaka 1872 koloni likapata Bodi ya Bahari, kazi yake mitihani ya manahodha na uchunguzi wa meli zinazovunjika. Walichelewa, walizembea, wakakosolewa magazetini, wakarekebisha.

Nilipokwenda likizo nyumbani nilikata tiketi ya boti dirishani. Niliyopewa ina jina la mwanamme nisiyemjua. Nikaonesha. "Ingia tu dada, hiyo haina neno." Nilipokataa kuondoka dirishani, walionikasirikia ni abiria wenzangu, si yule mkata tiketi. Wakaniita mjuaji wa ng'ambo. Nilitetemeka kwa hasira, kwa sababu katika watu wale mlikuwa na waliozika makaburi matupu.

Utaniambia mambo yamebadilika, majina sasa yanaandikwa, vitambulisho vinaulizwa. Ni kweli, na nashukuru kila ninapoona. Lakini jina lililoandikwa kwa ajili ya kuuza tiketi si orodha ya waliopanda. Aliyenunua asisafiri hayumo chomboni. Aliyerukia getini dakika ya mwisho yumo chomboni, hayumo orodhani. Mtoto wa mapajani hakuandikwa popote. Na wewe unayenambia ninyamaze kwa vile nimehama: mama yangu hakuhama. Anapanda boti hiyo kila Idi kwenda Wete.

Kwa hivyo namuuliza ofisa wa bandari, Malindi, Mkoani, Wete, Ukara, popote: chombo kinapofungua kamba, unayo mkononi nakala ya majina ya waliopanda kweli, na watoto wao? Kama huna, kizuie. Watu watanuna, kuna atakayekosa harusi, na mwenye chombo atapiga simu kwa wakubwa. Kizuie vivyo hivyo mpaka nakala iwe mezani kwako.