Nesi wa kwenye simu: tunalipia nini hasa?

Ukiwa na mzazi huku Moshi au Arusha mwenye sukari, presha, au aliyepigwa na stroku akabaki wa kitandani, siku hizi akisharuhusiwa tu hospitali familia inaanza kuulizana "hakuna mtu ana namba ya nesi?" Nesi binafsi anapatikana, anakuja mara moja au mbili kwa wiki, anasafisha kidonda, anabadilisha mpira wa mkojo, anapanga vidonge, anapanda boda anaondoka. Siku zinazobaki ni simu tu. Picha za kidonda, namba za presha, voisi za dakika mbili, na yule mtoto aliyeko Dar anauliza kila jioni "sista, mama anaendeleaje".

Hapo ndo familia zinagawanyika. Wengine wanasema hizo simu ndo zinamuweka mzee hai, wengine wanasema tunamlipa mtu akae kwake aulize mgonjwa ameamkaje. Mi niko upande wa simu, ila kwa masharti, na masharti yenyewe mengi hayamhusu nesi, yanahusu sisi.

Tuanze na wanaoitetea. Mzee anakaa Uru juu au Kibosho, nesi anakaa Pasua, masika imeanza, njia ni tope na boda anataka hela mara mbili. Kumleta nesi kila namba ikipanda ni kumaliza hela ya dawa kwenye nauli. Sasa angalia meseji za kawaida kabisa kati ya dada wa kazi na nesi.

"Shikamoo sista, bibi presha 168 kwa 94"
"Marahaba. Ametoka wapi saa hizi?"
"Alikuwa anakata majani ya ng'ombe"
"Haya mkalishe, aegemee kiti, miguu chini asikunje nne, mkono uweke juu ya meza, asiongee na mtu. Dakika tano afu pima tena"

Inarudi 144 kwa 86. Hakuna aliyekimbizwa hospitali, hakuna aliyemuongezea bibi kidonge cha pili kwa hofu (na hiyo ya kuongeza kidonge inatokea sana, mtoto anapiga simu toka Dar anasema "mpe kingine" na dada anatii). Presha inapanda ukiwa umetoka kwenye kazi, ukiongea, mkono ukining'inia, mkanda ukiwa mdogo kuliko mkono, na zile mashine za kuvaa kwenye kifundo ndo zinayumba zaidi. Nesi mzuri kwenye simu kabla hajaijibu namba anauliza imepatikanaje, na kwa hilo peke yake mi naona hela yake ni halali.

Au sukari. Mzee amechoma insulini asubuhi afu amekataa mtori, saa tano anatetemeka, jasho linamtoka, anaongea vitu havieleweki. Kipimo kinasoma 3.1, yaani sukari imeshuka. Hapo kumsubiri nesi apande Hiace ni kuchelewa, ila nesi akipokea simu anaelekeza hapo hapo: kama anameza vizuri, vijiko vya chai vitatu vinne vya sukari kwenye maji au soda ya kawaida, sio ile isiyo na sukari, dakika kumi na tano pima tena, ikipanda ale chakula. Kama hajitambui usimmiminie kitu mdomoni, tafuta gari. Maelekezo ya dakika moja hayo, na yameokoa wengi.

Sasa wanaopinga. Hoja yao kubwa ni kwamba kuna vitu simu haivioni, na hapo wako sahihi kuliko wanavyojua. Kidonda cha mguu cha mtu wa sukari, picha imepigwa saa mbili usiku chini ya balbu ya njano, fleshi inafanya kidonda king'ae kama kibichi kumbe ni mwanga. Harufu haitumwi WhatsApp, na harufu ni nusu ya habari ya kidonda. Manesi wenye akili wanajua kuuliza, wanaambia "hilo gozi la jana la kufungia kidonda usilitupe, nipigie picha", au "weka shilingi mia pembeni ya kidonda tuone kinakua au kinapungua", lakini bado wanakisia.

Na kuna hili la ngozi yetu. Kidonda cha mgandamizo, kile kinachoanza kwenye makalio au kisigino kwa mtu wa kulala, watu wamefundishwa waangalie wekundu. Kwenye ngozi nyeusi huo wekundu mara nyingi hauonekani, unaona pameiva kidogo rangi ya zambarau au pameng'aa, na kwenye picha ya simu unaona ngozi tu. Cha kufanya ni kugusa. Pana joto kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu, au pamelegea? Mkono wa nesi unajua, kamera haijui. Hata ile oksimita ya kubana kidoleni, imeshaonekana kwamba kwenye ngozi nyeusi inaweza kusoma oksijeni juu kuliko ilivyo, na mama mwenye piko kwenye kucha ndo unaichanganya kabisa. Kwa hiyo mpinzani wa simu anaposema "kwenye simu kila kitu kilikuwa sawa mpaka tulipomgeuza" hatungi.

Ila mi naona wanaopinga wanakosea pale wanapomlaumu nesi. Nani anashika simu? Ni dada wa kazi, au mjukuu anayesubiri matokeo ya form four. Huyo ndo macho, ndo mikono, ndo anamgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili usiku na mchana, na hajaajiriwa kwa hiyo kazi, mshahara ni wa kupika na kufua, na bando ananunua mwenyewe kama mtoto wa Dar amesahau kutuma. Familia inamlipa nesi vizuri afu inategemea huduma ipite kwa mtu ambaye hata kumwambia bibi "nyamaza nipime" hawezi, maana atamwambiaje. Nesi akitumia ziara moja nzima kumfundisha huyu binti kushika, kunusa, kupima, kuandika kwenye daftari, watu wanalalamika leo hajafanya kitu. Hiyo ndo ilikuwa kazi!

Halafu kuna hela, ambayo hakuna anayependa kuiongelea mbele ya mgonjwa. Nyumba nyingi zinalipa kwa ziara, simu ni bure. Sasa fikiria, nesi akiwa mzuri kwenye simu anapunguza ziara zake mwenyewe, yaani anajikata mfukoni. Matokeo yake ni mawili, ama anaanza kuchelewa kujibu ama kila kitu kinakuwa "ngoja nije nione". Wengine wakaona basi tumlipe kwa mwezi, na hapo mwelekeo unageuka, akishapokea anaona raha kubaki kwenye simu na kusema "endelea kusafisha hivo hivo". Nilichoona kinafaa kidogo ni mwezi wenye idadi ya ziara iliyoandikwa ambayo haipungui hata kama mambo ni mazuri, na ziara ya ziada inalipwa kivyake, na simu zina masaa. Masaa ni muhimu kwa sababu wengi wa hawa manesi ni waajiriwa hospitali, wakiwa wodini shifti ya usiku simu iko kwenye droo, na familia inakaa inaangalia tiki moja.

Hiyo tiki moja ndo inanitisha kuliko vyote. Mdomo wa mzee umepinda upande, mkono haunyanyuki, maneno hayatoki sawa, na watu wamemwandikia nesi wanasubiri ajibu. Stroku haisubiri. Ile dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, kwa kawaida inatolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na kwanza lazima sitiskani, ile picha ya ubongo, ionyeshe kwamba sio damu iliyovuja kwenye ubongo. Toa muda wa kushuka toka Marangu mpaka hospitali ya KCMC, toa muda wa kutafuta gari, toa foleni. Kabla ya kuwa na nesi wa simu familia ingekimbia tu. Sasa ina mtu wa kuuliza, na kuuliza kunakula muda. Hii ni hasara ya kweli ya huduma hii na wanaoitetea huwa hawaisemi.

Kuhusu siri nitasema kwa kifupi. Grupu ya "Afya ya Mama" ina watoto, wakwe, na binamu mmoja ambaye hakuna anayejua aliingiaje, na picha ya makalio ya mama inapita humo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu habari za afya kama taarifa nyeti, lakini hata bila sheria, mkwe hapaswi kuona hiyo picha. Namba za presha ziende kwenye grupu, picha ziende kwa nesi peke yake. Na kabla ya yote muombe nesi leseni yake ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, iwe hai, kwa sababu anayeitwa nesi mtaani anaweza kuwa aliwahi tu kufanya usafi wodini, na huku mwanaume akivaa koti jeupe ni "dokta" hata akikataa. Kubadilisha dozi sio ya nesi kwenye simu, ni ya daktari. Nesi anayekubadilishia dozi kwa voisi mkimbie.

Kwa hiyo mi ningebaki na simu, ila ingekuwa na kazi ya kuamua nani aende wapi na lini, sio kutibu. Ukutani jikoni kuwe na karatasi yenye namba za presha na sukari alizoziandika daktari wa mgonjwa huyo, na dalili za kwenda hospitali bila kumuuliza nesi wala mtu yeyote: mdomo kupinda, kutojitambua, kupumua kwa shida, kifua kubana. Na hela ya gari iwe mkononi kwa dada, cash, sio kwenye simu ya mtoto aliyeko Dar, maana saa nane usiku huyo amelala.