Smith wa Cavan

Ukisikia mtu anaitwa Smith, akili inakimbilia Uingereza moja kwa moja. Lakini nenda kaunti ya Cavan, Ireland, ukakute akina Smith wamejaa, na wengi wao ni Waairishi tangu enzi za mababu. Jina lao la zamani ni Mac Gabhann. Mac ni sawa na “bin” yetu, na gabha ni mhunzi. Mwana wa mhunzi, basi. (Binti wa ukoo huo haitwi Mac, anaitwa Nic.)

Mambo yalianza kuharibika mapema. Mwaka 1465, chini ya mfalme Edward IV, ilipitishwa sheria kwamba Mwairishi anayekaa Dublin, Meath, Louth au Kildare avae kama Mwingereza, anyoe masharubu, na ajipatie jina la Kiingereza. Wakamwekea na mifano: mji, kama Trim au Kinsale, rangi, kama White au Brown, kazi, kama Smith au Carpenter, au cheo, kama Butler. Mkaidi anyang'anywe mali. Ukiisoma orodha ile utadhani ni bei za vyakula ukutani mwa mgahawa, ila hapa mtu anaagiza babu.

Cavan ilikuwa nje ya mipaka hiyo. Kule majina yaligeuka zaidi katika karne ya 17 na ya 18, watawala wa Kiairishi walipokwisha kuanguka na kalamu ikawa mkononi mwa wanaoandika Kiingereza.

Sasa, wapo wanaosema Smith ana afadhali kwa sababu maana ilibaki. Mimi sikubali. Jirani zao wa Leitrim waliandikwa McGowan. Ni uandishi wa ovyo, sawa, lakini utamke kwa sauti: ile bh ya Gabhann inatoka kama w, na mhunzi bado unamsikia mle ndani. Jina lililopotoshwa lina nyayo za kufuata. Lililotafsiriwa limefagiwa.

Na tafsiri yenyewe haikuwa ya kuaminika. Mac an tSaoir ni mwana wa fundi, lakini saor pia ni mtu huru, hivyo baadhi yao wakaishia kuitwa Freeman. Fundi kapotea hivi hivi.

Mwishoni mwa karne ya 19, watu walipoanza kurudisha majina ya asili, Sullivan alibandika O' (yaani “mjukuu wa”) mbele na kazi ikaisha. Huyu Smith abandike nini, na wapi?