Mshahara wa Mama Mezani

Jumamosi moja ya Oktoba, kwenye ukumbi wa kanisa hapa Brooklyn Park, Minnesota, mama mmoja alikaa na mkoba wake mapajani, ameukumbatia kwa mikono miwili. Mwanawe, kijana wa mwaka wa mwisho wa sekondari, alikuwa amefungua kikokotoo cha gharama cha chuo anachokitaka, na alikuwa amefika kwenye kisanduku cha kipato cha mzazi. Nikamwambia mama tunahitaji karatasi zake za kodi. Akanisogelea, akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada yangu, haya tuyaongee mimi na wewe. Mtoto atoke nje kwanza."

Nilimwelewa. Baba yangu alifanya kazi reli ya TAZARA pale Mbeya utoto wetu wote, na mshahara wake niliujua siku tulipofungua sanduku lake baada ya msiba. Kwetu mtoto anajua ada imelipwa au haijalipwa. Imetoka wapi, nani amekopesha, ng'ombe yupi ameuzwa, hayo ni ya wakubwa. Tumelelewa hivyo, na malezi hayo tumesafiri nayo mpaka huku kwenye theluji.

Lakini kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikikaa na watoto wa Kitanzania, wa Kikenya na wa Kikongo wanaoomba vyuo, na nimefika mahali pa kusema wazi: hapa Marekani, mzazi anayemficha mtoto kipato chake anamwacha achague chuo gizani.

Nyumbani jambo hili lina sura nyingine kabisa. Nilimaliza kidato cha sita mwaka 1999, tahasusi ya HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza. Matokeo yalibandikwa ubaoni, tukasukumana, nikalitafuta jina langu kwa kidole kutoka juu kwenda chini. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani, naishi na nani, nimelea wadogo wangapi. Hata leo msingi haujabadilika sana. Anayetoka kidato cha sita kwenda shahada, Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inamtaka afaulu masomo mawili makuu yenye jumla ya pointi 4.0, A ikihesabiwa 5 na E ikihesabiwa 1, kisha kila kozi ina masharti yake kwenye kitabu cha mwongozo. Mfumo huu ni mkali. Umewaacha nje vijana wenye akili ambao asubuhi ya mtihani waliamka na malaria. Ila naupa heshima yake: mtoto wa mkulima wa chai wa Rungwe na mtoto wa waziri, B ya huyu na B ya yule ni ileile, na mlango uko wapi kila mtu anaona.

Huku mlango hauonekani mpaka uonyeshwe. Kuna fomu inaitwa Common App, inafunguliwa tarehe 1 Agosti, na kwa fomu hiyo moja mtoto anaweza kuomba mpaka vyuo 20. Alama za darasani za miaka yote ya sekondari zinahesabiwa. Mitihani ya kuingilia chuo, SAT na ACT, vyuo vingi viliacha kuidai tangu 2020, ingawa chuo cha MIT kilirudi kuidai mwaka 2022 na vingine vikafuata. Barua za walimu. Halafu insha isiyozidi maneno 650 ambayo mtoto anajieleza, na orodha ya shughuli zake nje ya darasa, zisizidi kumi, kila moja ikielezwa kwa herufi 150 tu. Wanaowahi wanamaliza mwanzoni mwa Novemba, wengine karibu na mwaka mpya. Chama cha washauri wa shule cha Marekani kinapendekeza mshauri mmoja asihudumie wanafunzi zaidi ya 250. Shule ya binti yangu mshauri alikuwa na wengi kuliko hao, na mtoto asiyegonga mlango wake alipita kimyakimya kama binti yangu alivyopita.

Hiyo orodha ya shughuli ndiyo inayowaumiza watoto wetu. Yule kijana niliyemtaja mwanzo alikaa nusu saa mbele ya kisanduku kitupu. "Anti, mimi sina kitu. Sichezi mpira, simo kwenye klabu yoyote." Nikamuuliza anafanya nini akitoka shule. Akasema hafanyi kitu, anarudi nyumbani tu. Simu yake ikaita. Ni mdogo wake anauliza wali umebaki wapi, na je, apashe moto dakika ngapi. Akamwelekeza taratibu, akamkumbusha kuzima jiko, akamuuliza hesabu zimeisha. Alipokata simu nikamwomba anihesabie. Mama anafanya shifti ya saa nane mchana mpaka saa nne usiku kwenye nyumba ya wazee. Yeye anawapokea wadogo watatu kutoka kwenye basi, anawapikia, anawasimamia masomo, anawalaza. Siku tano kwa wiki, tangu darasa la tisa. Bibi akienda hospitali, anakwenda naye kumtafsiria.

Fomu ile ina kundi la shughuli linaloitwa majukumu ya familia. Lipo kwa ajili yake kabisa. Hakuwa analijua, na hata angelijua asingeliandika, kwa sababu tumemfundisha kwamba kulea wadogo si jambo la kusema, ni wajibu tu, na anayejisifu kwa wajibu wake hana adabu. Nilimwambia, mwanangu, hapa hujisifu, unashuhudia. Andika masaa, andika idadi ya watoto, andika unawapikia nini. Alifuta na kuandika upya mara tano ili zienee kwenye herufi 150, na wali na maharage ukabaki ndani.

Sasa nirudi kwenye pesa, maana hapo ndipo nilipokosea mimi mwenyewe, na kosa lilimgharimu binti yangu wa kwanza.

Mwaka 2017 alikuja na FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa ada. Niliitazama, nikaliona neno mkopo, nikamwambia familia hii haianzi maisha kwa madeni. Kwetu, fomu ya serikali kwa mwanafunzi wa chuo ni ya Bodi ya Mikopo, na mkopo ni mkopo, utakatwa kwenye mshahara mpaka uishe. Sikujua kwamba fomu ileile ndiyo inayofungua Pell, fedha ya serikali isiyorudishwa, ambayo kwa mwaka wa masomo 2025/26 inafika dola 7,395. Sikujua kwamba msaada wa jimbo nao unaangalia fomu hiyo hiyo. Binti alianza chuo cha jamii cha miaka miwili akilipa mwenyewe, anapanga bidhaa dukani usiku, asubuhi anasinzia darasani. Chuo cha jamii hakina ubaya wowote, nimewaelekeza wengi huko kwa moyo mmoja. Ubaya ulikuwa kwamba alilipa alichokuwa hana haja ya kulipa. Aliyenifungua macho ni mfanyakazi mwenzangu, mama wa Kiliberia, tukila chakula cha usiku kazini. Aliniuliza, kwani hukutia sahihi? Nililia kwenye gari kabla sijawasha injini.

Ndiyo maana siku hizi nasisitiza mpaka watu wananichoka. FAFSA si mkataba wa deni. Ukiijaza, chuo kinakuletea orodha, na mkopo ukiwemo unaweza kuukataa ukachukua fedha isiyorudishwa peke yake. Kwa kawaida inafunguliwa Oktoba na inaangalia kodi ya miaka miwili nyuma: anayeanza chuo vuli ya 2026 anatumia kodi ya mzazi ya 2024. Mzazi anafungua akaunti yake mwenyewe, hata asiye na namba ya hifadhi ya jamii. Fomu haiulizi hadhi ya uhamiaji ya mzazi, inaangalia ya mtoto: raia, mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, mkimbizi au aliyepewa hifadhi anaweza kupata fedha ya serikali kuu. Hata hivyo, mzazi ambaye karatasi zake hazijakaa sawa ana haki ya kuwa na hofu, na simsukumi. Huyo namwambia amwone mwanasheria wa uhamiaji kwanza, fomu baadaye. Na kwa jimbo letu, tangu vuli ya 2024 kuna North Star Promise: familia yenye kipato chini ya dola 80,000 kwa mwaka, mtoto anayekidhi masharti halipi ada ya masomo kwenye vyuo vya umma vya Minnesota. Familia nyingi ninazozijua zimo humo. Wangapi wamejaza?

Mtu ataniambia, kama mzazi anajaza sehemu yake kwenye akaunti yake, mtoto ana haja gani ya kuona? Ni kweli, sehemu ya kodi mtoto haioni. Lakini uchaguzi wa chuo unaanza kabla ya hapo. Kila chuo chenye kupokea fedha za serikali kinatakiwa kuweka kikokotoo cha gharama kwenye tovuti yake. Ukiingiza kipato cha kweli, chuo cha binafsi kilichoandikwa dola elfu themanini kinaweza kuonyesha kuwa kwako ni nafuu kuliko chuo cha umma cha jimbo la jirani. Ukiingiza kipato cha kubahatisha, mtoto anakata tamaa bure, au anapenda mahali ambapo mwezi wa Aprili mtamwambia hapana. Na kuna jambo fomu hazilioni: pesa tunayotuma nyumbani. Hakuna mstari wa ada ya mpwa, wala dawa za presha za bibi. Ofisi ya msaada inaweza kuangalia upya hali ya familia, hasa kama umepoteza kazi au umelipa hospitali, na mimi huwaambia wazazi waandike barua na wataje hata wanachotuma, bila kutegemea sana. Barua hiyo nani ataiandika kwa Kiingereza kizuri? Ni huyuhuyu mtoto tunayemtoa nje.

Nikipiga simu Mbeya naona kwamba huko nako kijana anaachwa peke yake, kwa namna nyingine. Mpwa wangu alipomaliza kidato cha sita, aliyemsaidia kuomba chuo ni kijana wa steshenari. Vijana hawa wanafanya kazi kubwa. Wanajua mfumo wa kila chuo, wanajua vyeti vya kuzaliwa vya RITA, wanajua fomu ya Bodi inataka muhuri wa nani. Lakini hawamjui mtoto, na foleni ni ndefu. Kozi alichaguliwa kwa kuangalia alama zinaingia wapi. Namba ya simu iliyojazwa ilikuwa ya steshenari, kwa sababu simu ya mpwa wangu siku hiyo haikuwa na chaji. Akachaguliwa vyuo viwili, na aliyechaguliwa zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Ilitumwa kule. Aliyeipokea hakujua ni ya nani, na dirisha likafungwa. Alisubiri awamu nyingine na kuingia kozi ambayo hakuwahi kuitamka.

Dada yangu ana simu, mimi nina simu. Tungekaa jioni mbili tukafungua kitabu cha TCU pamoja naye, lisingetokea. Sasa Julai matokeo yakitoka nawapigia wenye watoto kabla hawajanipigia.

Yule mama sikumsukuma. Nilimweleza haya niliyoyaeleza hapa, kwa ufupi, nikaenda kuwaangalia wengine. Niliporudi mkoba ulikuwa wazi na karatasi ziko mezani. Kijana alikuwa ameegemea mbele, anasoma mstari kwa mstari, kidole chini ya tarakimu. Akasoma tena.

"Mama, na ile ya bibi wa kule nyumbani kila mwezi inatoka humuhumu?"

"Humohumo."

Alinyamaza kidogo. Kisha akaivuta kompyuta, akaingiza namba.